Je, Wajua? Vichwa Vigumu vya Njia ya Tabora

Je, wajua kwamba meno bandia nusura yabadili historia ya Tabora? Februari 1872, pale Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini, Henry Morton Stanley alimsihi Dakta David Livingstone warudi wote Uingereza. Apumzike, apate nguvu, atiwe meno bandia, kisha kama bado ana hamu ya porini arudi kumalizia kazi yake. Meno ya mzee yalikuwa yameharibika vibaya kwa miaka ya kutafuna mahindi makavu. Livingstone alisikiliza, akaandika kwenye shajara yake kwamba hoja za Stanley zina uzito, halafu akakataa. Alitaka kwanza akione chanzo cha Nile. Stanley akaondoka Machi 14, na mzee akabaki kwenye tembe akisubiri wapagazi hadi Agosti.

Mto aliokuwa akiufuata haukuwa Nile hata kidogo. Ulikuwa Lualaba, nao maji yake huenda Kongo. Alikufa Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, bado akiamini.

Kwa meno yale, sijui Tabora alikula nini. Wenyeji husimulia kwamba jina la mji limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama mbao. Kipande cha tobolwa ukikitia kinywani hugoma kwanza. Unakihamisha shavu hadi shavu, unakilowesha kwa mate, na baada ya muda ndipo kinakubali kulainika na kutoa utamu. Ni chakula cha safari ndefu: hakiozi upesi, ni chepesi mgongoni, na hakihitaji jiko. Kinahitaji meno tu.

Je, wajua kwamba Waingereza wana namna ya kuunyambua ukaidi? Mwaka 1948, katika kipindi cha BBC kilichoitwa The Brains Trust, mwanafalsafa Bertrand Russell aliupanga ukaidi kwa nafsi, kama mwalimu wa sarufi ubaoni. Nafsi ya kwanza ana msimamo. Nafsi ya pili ni mbishi. Nafsi ya tatu, yule aliye mbali na hawezi kujitetea, ni mpumbavu mwenye kichwa cha nguruwe. Tabia ni ileile moja. Ukipata kusoma vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 waliopita Tabora, kaa na kanuni ya Russell karibu, maana vitabu vile viliandikwa na nafsi ya kwanza, na mpagazi ndiye nafsi ya tatu kuanzia ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho.

Na wajua kuwa Kiingereza kimefuga zizi zima kwa ajili ya kazi hii? Mbishi mjinga hupewa kichwa cha nguruwe. Anayekwenda mbele bila kufikiri hupewa kichwa cha fahali. Asiyetaka kusogea hupewa tabia ya nyumbu, na hapa nasema nyumbu mtoto wa punda na farasi, siyo yule wa Serengeti. Mbwa peke yake ndiye aliyepandishwa cheo: mtu asiyekata tamaa husifiwa kwa neno lililotokana na mbwa. Kwetu mbwa hajawahi kubahatika hivyo.

Shingo ngumu hatukuianza sisi wala Waingereza. Ni ya Waebrania, picha ya ng'ombe anayekataa nira. William Tyndale aliitia katika Kiingereza alipotafsiri Biblia miaka ya 1520, na Biblia ya Kiswahili nayo inawaita hivyo wana wa Israeli waliojitengenezea ndama wa dhahabu. Fungua Kutoka 32.

Methali zetu kuhusu jambo hili zimeegemea upande mmoja. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Sikio la kufa halisikii dawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukiziangalia vizuri, unaona waliozitunga walikuwa wakuu.

Je, wajua kwamba mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa mshahara, na alizijua haki zake kabla ya chama chochote cha wafanyakazi kuzaliwa nchini? Mzigo wake wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32: nguo, shanga, waya wa shaba wakati wa kutoka pwani, pembe za ndovu wakati wa kushuka. Juu ya huo alibeba mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mbele alitangulia kirangozi na bendera. Yapo mambo yaliyokuwa desturi na kila mtu njiani aliyafahamu: uzito wa mzigo, kiasi cha posho, siku za kupumzika baada ya kuvuka nyika isiyo na maji kama ile ya Mgunda Mkali. Mwenye msafara akiyakiuka, wapagazi walitua mizigo wakakaa. Akiendelea kushupaa, aliamka asubuhi akakuta mizigo iko na watu hawako.

Vitabu vinaliita jambo hili uvivu, utoro, ukorofi. Mwajiri aliyekwisha kuahidi posho na kuipunguza katikati ya pori hana jina lolote vitabuni.

Kwa mfano, Septemba 1871 Stanley alikuwa Kwihara. Waarabu wa Tabora wanamwambia asiende Ujiji, mtemi Mirambo amefunga njia, watu watakufa. Wapagazi wanaogopa, homa imempiga mara nyingi. Usiku mmoja anaandika kiapo: hataacha kumtafuta Livingstone hadi amwone akiwa hai au aione maiti yake, na hakuna binadamu atakayemzuia. Maneno mazuri, yamenukuliwa mno. Baada ya majuma machache, kando ya mto Gombe, kusini-magharibi ya Tabora, wanyama ni tele na watu wake wamekula nyama wakashiba. Wanaomba siku moja zaidi ya kuwinda. Stanley anakataa. Wanabeba mizigo kwa kununa, wanaenda hatua kidogo, wanaitua. Asmani, kiongozi wa njia, pandikizi la mtu, na mwenzake Mabruki wanaonekana kando ya kichuguu na bunduki zao. Stanley anawaelekezea yake. Mwishowe hakuna risasi iliyotoka, na safari ikaendelea. Msomaji wa London alipokisoma kitabu cha Stanley mwaka 1872 alikutana na shujaa mmoja mwenye nia ya chuma na kundi la wakaidi. Mimi nikisoma naona wakaidi watupu, kila mmoja na sababu yake, na aliyekuwa na kalamu ni mmoja.

Sidi Mubarak Bombay alizipitia tabia hizo zote akiwa mtumishi. Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akiwa huru. Alipita Tabora na wasafiri Burton na Speke mwaka 1857, akapita tena na Speke na Grant, akapita na Stanley, akapita na Verney Lovett Cameron hadi wakatokea pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Stanley alimpiga. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha.

Je, wajua kwamba ugomvi mkubwa kuliko wote wa jiografia ya karne ya 19 ulianzia Tabora, enzi hizo ikiitwa Kazeh? Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Novemba 7, 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Wakaenda ziwa Tanganyika, wakarudi. Julai 1858 Burton alibaki Kazeh akiandika na kupiga soga na wenyeji wake Waarabu. Speke akakata kaskazini, na Agosti 3 akaliona ziwa lile ambalo aliliita kwa jina la malkia wake. Akarudi Kazeh mwisho wa mwezi huohuo na kusema, chanzo cha Nile nimekipata. Burton akamwuliza, umepima nini? Hakuwa amepima cha maana. Basi wakakubaliana wasilizungumze tena, na kwa miaka iliyofuata hawakuzungumza kingine.

Burton aling'ang'ania Tanganyika. Na hapa ndipo pananichekesha: walipokuwa Uvira, mwaka uleule, vijana wa pale waliwaambia kinagaubaga kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Ukiingia, Tanganyika haiwezi kuwa mama wa Nile kwa njia hiyo. Livingstone na Stanley walikwenda kuuona kwa macho Novemba 1871, na kweli unaingia. Miaka 13 kuthibitisha neno la vijana wa Uvira. Speke hakuishi kuliona hilo. Alikufa kwa bunduki yake mwenyewe Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton mjini Bath.

Halafu kuna hongo ya Ugogo. Kila msafara kutoka pwani ulilipa nguo kwa watemi wa Kigogo ili upite na kunywa maji ya visima vyao, katika nchi ambayo maji ni kila kitu. Mtemi akisema nguo hazitoshi, msafara unakaa. Wazungu waliandika kurasa na kurasa za kulalamika juu ya ubishi na ulafi wa Wagogo. Barabara za Uingereza zenyewe zilikuwa na mageti ya ushuru, na la mwisho la namna hiyo lilifungwa mwaka 1895.

Wajua punda hana ukaidi? Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama. Wazee wake ni punda mwitu wa nchi kame za kaskazini-mashariki mwa Afrika, penye miamba na majani haba, ambapo kukurupuka ni kuvunjika mguu. Husimama akatazama, akaamua. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2022 umeonyesha kwamba punda wote duniani wanatokana na wale waliofugwa Afrika kama miaka 7,000 iliyopita. Basi punda aliyekatalia mtoni na mzigo mgongoni alikuwa anapima kina. Misafara haikuwa na muda wa kumwelewa. Afe punda, mzigo wa bwana ufike, na punda walikufa kweli, kwa ndorobo na kwa kazi.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji naye aliona kwamba punda hawafai, akafikiri akapata jawabu. Mwaka 1879 tembo wanne kutoka India walishushwa Msasani, Dar es Salaam, pamoja na walezi wao Wahindi, waanze safari ya kwenda bara. Aliyewaongoza aliitwa Kapteni Carter. Lengo lilikuwa wabebe mizigo na wafundishe tembo wa huku kufugika. Tembo hawakudumu, na Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, kwenye vita vilivyowahusisha askari wa Mirambo.

Mirambo, basi.

Alizaliwa karibu mwaka 1840, akaanza na himaya ndogo ya Uyowa, akajenga Urambo kwa ruga-ruga, askari wake. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, na Stanley akiwa pamoja nao, walikwenda kumwadhibu. Waliteka ngome yake moja, wakagawana nyara, na wakati wa kurudi wakavamiwa majanini wakiwa wameelemewa na pembe na watumwa. Siku chache baadaye Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji. Stanley kule Kwihara alitoboa matundu ukutani kwa ajili ya bunduki, akasubiri. Katika maandishi yake ya wakati ule Mirambo ni jambazi.

Aprili 1876 walikutana uso kwa uso. Stanley alitarajia jitu la kutisha, akamkuta mtu mpole, msemaji wa taratibu, mwenye adabu. Wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Kalamu ileile iliyomwita jambazi ikamwita muungwana, ikamfananisha na Napoleon. Mirambo hakuwa amebadili chochote katika siasa yake: alitaka njia ya biashara ipite kwake na ushuru ulipwe kwake. Alikufa Desemba 2, 1884. Siku hizi Tabora ina Sekondari ya Milambo, na wanafunzi wake wanasoma Napoleon kwenye kitabu cha historia.

Kabla ya Mirambo alikuwapo Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, ambaye hatajwi inavyostahili. Aliwatoza Waarabu ushuru wa bidhaa zao. Wakamng'oa mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Angeweza kuchukua ng'ombe wake akaenda kuishi kwa wajomba. Badala yake alipigana porini miaka mitano, akivamia misafara, akitokea huku na kupotelea kule. Speke alijaribu kuwapatanisha mwaka 1861, ikashindikana. Waliomkamata mwaka 1865 walimkata kichwa.

Waingereza wana neno kwa mtu asiyekubali kushindwa, maana yake mgumu kufa. Lilipata umaarufu katika vita vya Albuera, Hispania, Mei 1811, wakati Kanali William Inglis, akiwa ameanguka na jeraha, alipowahimiza askari wa kikosi cha 57 wafe kwa shida. Kikosi kikalichukua neno hilo kuwa jina lake la sifa. Sasa mtazame Isike, mtemi wa Unyanyembe baada ya Mkasiwa. Mwaka 1892 Wajerumani walimshambulia katika boma lake wakashindwa, wakaja tena wakashindwa. Januari 1893 Luteni Tom von Prince alilivunja. Isike aliingia kwenye ghala la baruti akalilipua, yeye na waliokuwa naye. Wajerumani walimkuta bado anapumua, wakamtundika mtini. Huyo ndiye mgumu kufa kwa maana ya maneno yenyewe, na katika taarifa za washindi wake alikuwa mwasi tu.

Je, wajua kwamba ukaidi mkubwa kuliko wote uliowahi kupita Tabora ulifichwa ndani ya robota la nguo?

Livingstone alipokufa kwa Chitambo, watu wake hawakuwa na mkuu. Wakawachagua Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao. Wangeweza kumzika na kutawanyika. Waliamua kumrudisha kwao. Wakautoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nashik huko India, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kama majuma mawili. Kisha kitambaa, kisha gamba la mti lililochunwa zima, kisha turubai, kisha lami. Wakaufunga kwenye mti, watu wawili wakaubeba begani.

Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe. Walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, yuko hoi kwa homa. Cameron akawashauri wamzike hapo. Ugogo ni hatari, alisema, na huenda mzee mwenyewe angependa alale katika bara alimozikwa mkewe. Ukiyasikia kwa haraka ni maneno ya busara: ni Mwingereza, ni ofisa, ndiye mwakilishi wa taifa la marehemu. Susi na Chuma wakamsikiliza kwa heshima, wakasema hapana. Cameron akafungua masanduku, akachukua vyombo vya kupimia vya Livingstone kwa safari yake mwenyewe. Hilo hawakulipenda, ila hawakuweza kulizuia. Mwili hawakuutoa.

Walipofika Kasekera, hatua chache za safari mashariki ya Tabora, habari zilikuwa zimewatangulia: kuna maiti njiani, na wenyeji hawataki maiti ipite. Hapo ndipo walipofanya jambo ambalo kila nikilisoma nacheka na kuvua kofia. Walitangaza kwamba wamekubali, wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Kwa siri wakaufungua mwili, wakaufunga upya mfupi, ukafanana na robota la kaniki kama marobota mengine yote ya msafara. Halafu wakachukua mabua ya mtama, wakayakata, wakayafunga kwa urefu wa mtu, wakayavika sanda ya kitambaa. Watu sita wakaibeba maiti hiyo ya mabua kwa taadhima kurudi upande wa Tabora, mchana, watu wakiona. Giza lilipoingia wakaingia porini, wakafumua mzigo, wakatupa bua moja hapa, jingine kule mbali, wasiache alama, wakazunguka usiku kujiunga na wenzao. Msafara ukaendelea na robota lake.

Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Miezi tisa. Zanzibar wakalipwa mshahara wao wakaambiwa kwaherini. Ni Wainwright pekee aliyewahi mazishi ya Westminster, Aprili 18. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye kwa gharama ya rafiki wa marehemu. London mwili ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule aliovunjwa na simba mwaka 1844, ukaunga vibaya.

Chama cha Jiografia kikachonga medali kwa ajili ya wapagazi wale. Kilichoandikwa juu yake ni kwamba walikuwa waaminifu hadi mwisho. Waaminifu! Watu waliomkatalia ofisa wa Malkia mjini Tabora, wakawadanganya wenyeji wa Kasekera, na wakamkatalia hata kifo. Lau wangekuwa wamekataa kubeba frasila tatu, tungeyasoma majina yao kwenye orodha ya watoro. Halima mpishi, aliyetembea njia nzima pamoja nao, wachache wanamkumbuka kwa neno lolote.

Sasa mbiombio, maana nafasi inakwisha.

Wajua kuwa mwaka 1916 Tabora ilifua sarafu za dhahabu? Wajerumani walikuwa wamezingirwa, bahari imefungwa, pesa zimekwisha. Wakachukua dhahabu ya Sekenke, wakaweka mashine kwenye karakana ya reli, wakatoa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Sarafu za shaba nyekundu na njano walizitengeneza pia, baadhi kwa maganda ya risasi. Wabelgiji waliingia mjini Septemba 19 mwaka huohuo, na jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni uliobeba jina la Tabora.

Meli ya Liemba ilipita Tabora ikiwa vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa ikatiwa kwenye masanduku 5,000, ikapanda reli hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Chombo hicho nacho kina shingo ngumu.

Urambo ya Mirambo iliona ukaidi wa serikali. Mwaka 1947 Uingereza ilianza mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ekari zaidi ya milioni tatu zifyekwe, Waingereza wapate mafuta ya kupikia. Udongo wa Kongwa ukauka ukawa saruji. Mibuyu ikavunja matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua zikagoma. Mara kwa mara waziri, John Strachey, alisimama bungeni London akitetea mpango. Ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36. Yeyote aliyelima karanga kwa jembe Urambo angeweza kumweleza kuhusu mvua, kwa gharama ya kikombe cha chai. Baadaye mashamba ya Urambo yakageukia tumbaku.

Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, aliacha ubalozi wa London mwaka 1962 kwa kutokubaliana na serikali, akaanzisha chama cha upinzani. Mtemi Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, waziri wa sheria, aliachia ngazi serikalini mwaka 1963, na ulipokuja mfumo wa vyama vingi akaongoza chama cha UMD. Mkoa huu huzaa watu wa namna hiyo.

Na Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kususa. Nyerere, aliyesoma na kufundisha mji huohuo, alibishana nao siku kadhaa mpaka wakageuka: tuingie, tushinde humohumo. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda, na azimio lile likaingia historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakugeuka. Alitoka, akaunda chama chake, African National Congress, akishikilia kwamba Tanganyika ni ya Waafrika na kura tatu ni matusi. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 alisimama peke yake dhidi ya Nyerere, akapata kura 21,276, chini ya asilimia mbili. Baadaye alirudi TANU.